Nani Anasahihisha Mtihani wa Serikali?

Februari 18, 2013, Waziri wa Elimu wa Tanzania, Dk. Shukuru Kawambwa, alitangaza matokeo ya kidato cha nne ya mwaka 2012. Watahiniwa 240,903 walikuwa wamepata daraja sifuri, zaidi ya asilimia 60 ya wote waliofanya mtihani. Waziri Mkuu Mizengo Pinda akaunda tume chini ya Profesa Sifuni Mchome. Ilipofika Mei serikali ilifuta matokeo yale na kuagiza yapangwe upya kwa utaratibu wa mwaka 2011, kwa maelezo kwamba Baraza la Mitihani, NECTA, lilikuwa limetumia mfumo mpya wa kupanga alama bila maandalizi ya kutosha. Yalipotoka mara ya pili, sifuri zilikuwa 210,846. Vijana 30,057 walikuwa wametoka kwenye sifuri bila kuandika hata neno moja la ziada.

Kisa hicho hakikuishia hapo. Oktoba mwaka huohuo wizara ilitangaza mpangilio mwingine: A ikaanzia alama 75, C ikaanzia 40, kati ya A na B ikachomekwa B+, na daraja sifuri likapendekezwa liitwe daraja la tano. Wananchi walipiga kelele kuhusu hilo la tano hadi sifuri ikarudishwa, lakini alama mpya zilibaki. Februari 2014 zikatangazwa habari njema: ufaulu umepanda kutoka asilimia 43.08 hadi 58.25. Muda si mrefu madaraja yenyewe yakawekwa kando, ukaja mfumo wa wastani wa pointi. Januari 2016 Waziri mpya, Profesa Joyce Ndalichako, akaagiza madaraja yarudi. Ndalichako huyo ndiye aliyekuwa Katibu Mtendaji wa NECTA wakati wa matokeo ya 2012.

Sasa mtu akiuliza kama elimu ya sekondari ilikuwa bora mwaka 2015 kuliko 2011, tumjibu kwa kutumia nini? Katika kipindi hicho kifupi kulikuwa na namna nne au tano za kusoma alama zilezile. Sitaki kudai kwamba kila badiliko lilikuwa hila. Mengine yalikuwa na sababu za kitaalamu zinazoeleweka, na Tume ya Mchome haikubuni matatizo iliyoyaona. Ninachosema ni kwamba nchi inayobadilisha sera, mitaala na kipimo kwa wakati mmoja, na kumwachia mtu mmoja kazi zote tatu, hujinyima uwezo wa kujua kama imefanikiwa. Wizara inaandika sera. Taasisi ya Elimu, iliyo chini yake, inaandika mitaala. NECTA, iliyo chini yake pia, inatunga mtihani na kutangaza ufaulu. Wathibiti ubora wanaokagua shule nao wanaripoti kwa wizara hiyohiyo. Shule zenyewe ziko chini ya TAMISEMI, ofisi ya Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa, na hilo limezaa mvutano wake wa kiofisi, lakini ni mvutano wa nyumba moja.

Sera hutoka wapi kwanza? Kwenye makaratasi ipo njia iliyonyooka: utafiti, maoni ya wadau, rasimu, Baraza la Mawaziri, sheria, waraka, utekelezaji. Historia ya Tanzania haikuifuata njia hiyo mara nyingi. Elimu ya Kujitegemea ya Machi 1967 ilikuwa andiko la Rais, likifuata Azimio la Arusha kwa wiki chache. Elimu ya msingi kwa wote, UPE, ilizaliwa Musoma, Novemba 1974, katika kikao cha Halmashauri Kuu ya TANU, nacho chama kikaweka Novemba 1977 kuwa mwisho wa kuifikia. Marufuku ya michango mashuleni ya Januari 2018 ilikuwa tamko la Rais Magufuli. Tamko lake la mwaka 2017 liliwafungia milango wasichana waliopata mimba. Novemba 2021, chini ya Rais mwingine, waziri akatangaza kwamba wanaweza kurudi. Hata mawaziri wana matamko yao: katika kipindi cha Joseph Mungai, fizikia na kemia ziliunganishwa kuwa somo moja, na haukupita muda mrefu zikatenganishwa tena. Walimu waliokuwa kazini wakati ule bado wanakisimulia kisa hicho kwa kicheko cha uchungu.

Ilani ya chama, tamko la jukwaani na sharti la mkopo vimeibadili shule ya Tanzania kuliko tume zote kwa pamoja. Si lazima jambo hilo liwe baya. Uamuzi wa Musoma ulikuwa wa kisiasa na ulikuwa sahihi kimaadili: hapakuwa na mtafiti wa kutuambia kwamba mtoto wa kijijini Namtumbo anastahili darasa kama wa Upanga, Dar es Salaam. Tatizo huja baadaye, wakati wa hesabu, kwa sababu sera iliyozaliwa jukwaani hudai kupimwa kwa lugha ya jukwaani: wangapi wameandikishwa, madarasa mangapi yamejengwa, asilimia ngapi wamefaulu.

UPE ilijibu swali la wangapi kwa kishindo. Wanafunzi wa shule za msingi, waliokuwa takriban milioni 1.2 mwaka 1974, walizidi milioni 3 kufikia mwisho wa muongo. Ili kuwafundisha, makumi ya maelfu ya wahitimu wa darasa la saba walifanywa walimu kwa mafunzo waliyoyapata wakiwa kazini, na jina la "mwalimu wa UPE" likageuka kejeli ambayo wengi wao hawakuistahili. Kwa kipimo chake yenyewe, sera ilifaulu. Kisha uchumi ukaanguka, ada na michango vikarudi, na mwaka 2000 watoto walioandikishwa walikuwa chini ya asilimia 60 ya wenye umri wa shule ya msingi.

Mzunguko wa pili uliitwa MMEM, Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi. Ada ilifutwa, Benki ya Dunia ikatoa mkopo wa dola milioni 150, na wanafunzi wakaongezeka kutoka milioni 4.4 mwaka 2000 hadi milioni 7.5 mwaka 2005. Safari hii palikuwa na jambo la kushangaza zaidi: ufaulu wa darasa la saba ulipanda kutoka asilimia 22 hadi 61.8 katika miaka hiyohiyo, huku madarasa yakifurika na walimu wakiandaliwa harakaharaka. Miaka minne baadaye ulikuwa umeshuka tena chini ya 50. Mwanzoni mwa 2012 serikali ilikiri kwamba zaidi ya wanafunzi 5,000 waliokuwa wamechaguliwa kuingia kidato cha kwanza hawakujua kusoma wala kuandika. Mwaka huohuo karatasi za mtihani wa darasa la saba zikaanza kusahihishwa kwa mashine, maswali yakiwa ya kuchagua jibu. Mtahiniwa anayebahatisha kati ya majibu matano anaanza na asilimia 20 mfukoni.

Kati ya UPE na MMEM kuna kisa ambacho watu wa elimu hukitaja kila mjadala wa lugha unapowaka, na kinafundisha jinsi ushahidi unavyotumika. Tume ya Rais iliyoongozwa na Jackson Makweta ilipendekeza mwaka 1982 kwamba Kiswahili kianze kufundishia kidato cha kwanza mwaka 1985 na kifike chuo kikuu mwaka 1992. Serikali ilikataa. Mwaka 1984 watafiti wawili wa Uingereza, Clive Criper na William Dodd, walipima Kiingereza cha wanafunzi wa Tanzania na kukuta hali mbaya: wanafunzi wengi wa sekondari hawakuwa na Kiingereza cha kuwawezesha kujifunza somo lolote. Ukisoma matokeo hayo unatazamia hitimisho moja. Wao walipendekeza Kiingereza kibaki na kiongezewe nguvu, na ukafuata mradi wa kukiimarisha kwa fedha za Uingereza. Sera ya Elimu na Mafunzo ya 1995 ikashikilia hapohapo, Sera ya Utamaduni ya 1997 ikaelekea kwenye Kiswahili, na sera ya 2014 ikazikubali lugha zote mbili. Kila upande una takwimu zake. Hakuna aliyewahi kuruhusiwa kuendesha jaribio kubwa, la miaka kadhaa, la shule za sekondari zinazofundisha kwa Kiswahili sambamba na za Kiingereza, halafu matokeo yakawekwa mezani. Kwa suala linalobishaniwa tangu mimi sijazaliwa, huo ni uzembe wa ajabu.

Ukuaji wa shule za sekondari za kata ulifuata ramani ileile ya MMEM, kwa hiyo sitakaa hapo sana. Wanafunzi wa sekondari walikuwa chini ya nusu milioni mwaka 2004. Mwaka 2009 walikaribia milioni 1.5. Wahitimu wa kidato cha sita walipigwa msasa wa wiki chache na kupelekwa madarasani, mtaani wakaitwa "voda fasta". Waliofanya mtihani wa 2012 ni mazao ya upanuzi huo. Ukizitazama zile sifuri kwa jicho hilo, unaona kwamba shule ambayo hapo awali isingekuwepo ilikuwa imemfikisha kijana kwenye chumba cha mtihani. Ilishindwa kumfundisha. Hukumu hizo mbili ni za kweli kwa pamoja, na kipimo cha asilimia ya ufaulu hakiwezi kuzibeba zote.

Jibu la serikali kwa aibu ya 2013 lilikuwa Matokeo Makubwa Sasa, mfumo ulioazimwa Malaysia. Elimu ilikuwa moja ya sekta sita, na shabaha ziliandikwa kwa namba: ufaulu ufike asilimia 60 mwaka 2013, 70 mwaka 2014, 80 mwaka 2015. Shule zikapangwa kwa rangi, kijani, njano na nyekundu, na orodha ikatangazwa hadharani ili mwalimu mkuu ajione alipo wilayani kwake.

Hapa tunayo bahati isiyo ya kawaida, kwa sababu watafiti watatu, Jacobus Cilliers, Isaac Mbiti na Andrew Zeitlin, waliifuatilia hatua hiyo kwa takwimu za NECTA zenyewe. Waligundua mambo mawili. Shule za mkiani katika wilaya zao zilipandisha ufaulu kweli baada ya orodha kutangazwa. Presha ilifanya kazi. Lakini shule hizohizo pia zilipunguza idadi ya watoto wanaofika darasa la saba, yaani zilianza kuwachuja wale ambao wangeishusha asilimia. Mtu aliyewahi kukaa karibu na ofisi ya mwalimu mkuu hahitaji kuelezwa linavyofanyika. Mzazi anaitwa, anashauriwa kwamba mtoto arudie darasa, au mtoro anaachwa aendelee na utoro wake bila mtu kumfuata nyumbani. Kwenye jedwali, shule imepanda. Mtoto hayumo kwenye jedwali.

Tangu Januari 2023 NECTA imeacha kutangaza shule bora na wanafunzi bora kitaifa. Naona ni uamuzi mzuri, ila umetibu sehemu ndogo. Asilimia ya ufaulu bado ndiyo mizani ya afisa elimu na ya mbunge anayesimama kusifu jimbo lake, na kigawanyo chake bado ni waliofanya mtihani. Kama kigawanyo kingekuwa watoto wote walioandikishwa darasa la kwanza miaka saba nyuma, mwalimu mkuu asingekuwa na faida yoyote ya kumpoteza mtoto njiani. Ni badiliko la hesabu tu, halihitaji mkopo wala ziara ya mafunzo nje ya nchi.

Kwamba namba za mtihani zinaweza kupotosha, Wakenya walijifunza kwa njia nyingine. Mwaka 2015 watahiniwa zaidi ya 2,600 walipata alama A katika mtihani wa mwisho wa sekondari. Mwaka uliofuata, Waziri Fred Matiang'i alipoziba mianya ya wizi wa mitihani na usahihishaji kukazwa, waliopata A walikuwa 141. Ufundishaji wa nchi nzima hauwezi kuporomoka hivyo kwa miezi kumi na miwili. Kilichobadilika ni mtihani, na kwa mgongo wake ikajulikana kwamba zile A za miaka ya nyuma hazikuwa zikisema kile ambacho wazazi walidhani zinasema.

Vipo vipimo vingine nje ya mtihani wa taifa, navyo vinahitaji kusomwa kwa uangalifu uleule. Mwaka 2007 utafiti wa SACMEQ, unaopima wanafunzi wa darasa la sita katika nchi za kusini na mashariki mwa Afrika, uliiweka Tanzania kileleni katika kusoma, juu ya Shelisheli, Mauritius na Kenya. Miaka mitatu baadaye watafiti wa Uwezo, waliopita nyumba kwa nyumba, wakaripoti kwamba katika darasa la tatu takriban watoto watatu tu kati ya kumi waliweza kusoma hadithi ya Kiswahili ya kiwango cha darasa la pili. Wanasiasa walichagua ripoti waliyoipenda. Ukweli ni kwamba tafiti hizo hazipingani. SACMEQ iliwapima waliobahatika kufika darasa la sita, na watoto wa Tanzania Bara waliupata mtihani huo kwa Kiswahili, lugha wanayoielewa, wakati wenzao wengi wa kanda walijibu kwa lugha za kigeni. Uwezo waliwapima wadogo, wakiwamo wale ambao wangeacha shule kabla ya kufika huko. Ukiziweka pamoja, unapata picha ya mfumo unaochelewa sana kumfundisha mtoto kusoma, unaompoteza aliyechelewa, halafu unaojivunia aliyebaki. Kutokana na picha hiyo, mwaka 2015 darasa la kwanza na la pili zilipewa mtaala wa Kusoma, Kuandika na Kuhesabu, KKK, na kwa maoni yangu hilo ndilo badiliko lililofuata ushahidi kwa karibu kuliko mengine yote katika kizazi hiki.

Shirika la Twaweza, waliokuwa nyuma ya Uwezo, walikwenda mbali zaidi kwa jaribio la KiuFunza katika shule 350 mwaka 2013 na 2014. Baadhi ya shule zilipewa ruzuku kamili ya shilingi 10,000 kwa mwanafunzi, nyingine zikaahidiwa bonasi kwa mwalimu kwa kila mtoto atakayefaulu jaribio rahisi, nyingine zikapata vyote, na nyingine hazikupata kitu ili ziwe za kulinganishia. Baada ya miaka miwili, ruzuku peke yake haikuongeza ujuzi wa watoto; sehemu yake ilichukua tu nafasi ya kile ambacho wazazi waliacha kutoa. Bonasi peke yake ilisaidia kwa kiasi. Zilipounganishwa, watoto walijifunza zaidi kwa namna isiyo na shaka. Mtu anaweza kuwa na mashaka kuhusu kumlipa mwalimu kwa alama, mimi ninayo, hasa nikikumbuka yale ya shule nyekundu na kijani. Lakini kwa jaribio lile tunajua nini kilisababisha nini, jambo ambalo hatuwezi kulisema kuhusu MMEM wala kuhusu elimu bila ada iliyoanza Januari 2016 kwa Waraka Namba 5 wa 2015. Elimu bila ada ilianza nchi nzima siku moja. Hakuna wilaya iliyotangulia wala iliyosubiri. Kwa siasa ni sawa kabisa, na mzazi aliyeokoa fedha zake hana haja ya jaribio. Kwa mpimaji, hakuna pa kulinganisha.

Na uhuru wa kupima wenyewe umekuwa ukitikisika. Marekebisho ya Sheria ya Takwimu ya mwaka 2018 yalifanya kuwa kosa la jinai kuchapisha takwimu zinazopotosha au kupinga zile rasmi; adhabu hiyo iliondolewa mwaka 2019 baada ya malalamiko ya ndani na nje. Mwaka huohuo wa 2018 Twaweza waliandikiwa barua na Tume ya Sayansi na Teknolojia kuhusu kura zao za maoni. Mtafiti wa chuo kikuu anayetaka kupima usomaji katika kata tatu hakuhitaji kushtakiwa ili apunguze kasi. Ilitosha asome magazeti.

Sasa tuko kwenye badiliko lingine, pengine kubwa kuliko yote tangu 1967. Sera ya 2014, iliyozinduliwa na Rais Kikwete Februari 2015 na kukaa kabatini kwa sehemu kubwa, imefanyiwa mapitio na kupewa toleo la 2023, ambalo Rais Samia Suluhu Hassan alilizindua Dodoma Februari 1, 2025. Elimu ya lazima inakuwa miaka kumi, sita ya msingi na minne ya sekondari. Mitaala mipya ilianza kutumika Januari 2024, na sekondari imepata mkondo wa amali kando ya ule wa jumla. Maandalizi yake yalikuwa ya wazi kuliko nilivyozoea kuona: kamati, rasimu, mkutano wa wadau Dodoma Mei 2023.

Mkondo wa amali ndio utakaoonyesha kama tumejifunza kupima. Asilimia ya ufaulu ya fundi umeme wa kidato cha nne haitatuambia lolote la maana. Inabidi kumfuata kijana mwaka mmoja, miwili na mitano baada ya kumaliza: anafanya kazi gani, analipwa na nani, na mwenzake wa mkondo wa jumla kutoka kata ileile yuko wapi. Kazi hiyo huanza kwa kuandika majina sasa, kabla ya wahitimu wa kwanza kutawanyika, na ifanywe na watu ambao cheo chao hakitegemei jibu. Pia kuna karakana. Shule iliyopewa mkondo bila mashine itatoa mafundi wa ubaoni, na mtihani wa nadharia utawafaulisha.

Kuna hesabu nyingine ambayo kila mtu anaweza kuifanya leo. Watoto walioanza na mtaala mpya darasa la tatu mwaka 2024 watamaliza darasa la sita mwaka 2027. Waliowatangulia kwa mwaka mmoja watamaliza darasa la saba mwaka huohuo. Januari 2028 makundi yote mawili yatabisha hodi kidato cha kwanza, na idadi ya wanaojiunga na sekondari itakuwa kubwa kuliko ilivyowahi kuwa. Itatangazwa. Sehemu kubwa ya ongezeko hilo itatokana na kalenda tu, na mwaka 2029 idadi itashuka bila shule yoyote kuharibika. Madawati, walimu wa hisabati na vyoo vya wasichana kwa ajili ya mwaka ule mmoja vinapaswa kuwa kwenye bajeti ya 2026/27 na 2027/28, na mtu anayetaka kujua kama sera hii inatekelezwa anaweza kuanza kwa kusoma vitabu hivyo viwili vya bajeti.